Babu Aliyeuzwa Mara Mbili

Kitu cha bure kilimuuma Ishaka kuliko jino bovu. Mtu mwingine akiona kitu hakina bei, humshukuru Mungu na kujichukulia. Ishaka yeye alikaa kitako na kujiuliza ni mpumbavu gani aliyesahau kukiuza.

Ndivyo alivyojiuliza siku aliyokuwa amelala chali katika chumba alichopanga kwa Bi Swaumu, mjini Bagamoyo, akitumia intaneti ya nyumba ya wageni ya jirani. Nywila aliipata kwa kumsifia mhudumu wa pale kwamba ana sauti ya kutangaza redioni. Alikuwa akitafuta mieleka. Kidole kikateleza, akaangukia tovuti ya filamu za zamani. Watu fulani, kwa wema unaotia huruma, walikuwa wamekusanya sinema za enzi hizo, za wapanda farasi na wapendanao, na pembeni yake wakaweka filamu fupi za mafunzo zilizopigwa zama za ukoloni: namna ya kuchimba kisima, namna ya kuua viluwiluwi vya mbu, namna ya kumwogesha mtoto. Yeyote mwenye simu angeweza kuzitazama mpaka macho yamtoke. Hapakuwa na mahali pa kulipia hata ukitaka.

"Hawa watu wanaumwa," Ishaka alijisemea.

Akafungua moja iliyohusu afya ya watu wa pwani, pwani gani haikuelezwa. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, ikikwaruza. Ikaonyesha minazi, mchanga na kuku wawili. Kisha akatokea bwana mmoja mrefu, kanzu imepigwa pasi, koti juu yake, tarbushi kichwani, bakora mkononi. Alitembea kwa madaha, akasimama, akaielekeza bakora baharini kama mwenye bahari. Ishaka akaketi. Hakutazama zaidi ya hapo, maana hakuwahi kumaliza kitu chochote maishani mwake, si shule, si ufundi cherehani, si deni. Alinakili kile kipande cha bwana wa tarbushi kwenye simu, akafunga, akaanza kupiga hesabu.

Ieleweke kwamba Ishaka alikuwa na haja kubwa. Huko Chalinze, alikokuwa akiwauzia abiria wa mabasi manukato aliyoyachanganya mwenyewe kwenye ndoo, aliondoka kwa miguu huku wapiga debe wakimpigia miluzi. Aliapa kurudi pale akiwa nyuma ya usukani wa gari lake. Gari lenyewe alikwishalichagua, Noah ya rangi ya fedha, iko kwenye yadi moja Dar es Salaam, na mwenye yadi alikubali kumshikia mpaka Jumamosi jioni, baada ya hapo ni la atakayewahi.

Na katika miezi aliyokaa Bagamoyo alikwishaujua ugonjwa wa wenye pesa wa pale. Nyumba wanazo, luninga za kufunika ukuta wanazo. Wasichokuwa nacho ni babu. Si kwamba wameota kama uyoga, la. Babu wapo, lakini ni babu wa kuokota pweza na kukwea minazi, na babu wa namna hiyo hatundikwi sebuleni. Mjukuu anamfukia mara ya pili, kimyakimya, kisha anatafuta mwingine mwenye koti.

Wa kwanza kufuatwa alikuwa Mzee Abdulnasir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huyu alikuwa taabani. Mwanawe alitaka kumwoa binti wa Mzee Alawi wa Unguja, na Mzee Alawi, mtu mpole kupindukia, alikuwa ameuliza swali moja tu: "Na nyinyi ni watoto wa nani?" Tangu siku hiyo Abdulnasir chakula kilikuwa hakimshuki.

"Shikamoo, mzee wangu," Ishaka alisema, amevaa shati la mikono mirefu na uso wa msibani.

"Marahaba. Unataka bati au misumari?"

"Nimekuletea babu."

Abdulnasir akaweka kalamu chini. Ishaka akamwekea simu mbele, akacheza kile kipande. Bwana wa tarbushi akatembea, akasimama, akaelekeza bakora.

"Itazame hiyo pua, mzee wangu."

Abdulnasir akaitazama mpaka pumzi zake zikatia ukungu kwenye kioo cha simu. "Pua hii... nimeiona wapi mimi?"

"Kila asubuhi, unaponyoa ndevu."

Mtu mzima, mwenye maduka mawili, aliyewahi kumrudisha fundi mara nne kwa sababu ya kilo moja ya saruji, akatokwa na machozi. Wala hakumuuliza kijana huyu ameipata wapi filamu yenyewe. Simu yake ya bei ya ng'ombe wawili ilikuwa mfukoni, na ingemwonyesha filamu nzima kabla chai haijapoa, lakini simu ile aliitumia kusambaza dua na kutazama watu wakiteleza kwenye matope.

"Iko ghalani ng'ambo," Ishaka alieleza kwa sauti ya chini. "Wenyewe wanaita nyaraka. Kuitoa si mchezo. Picha ya marehemu si mali ya mtu, mzee wangu, ni amana ya warithi wake. Mwenye damu ndiye mwenye haki. Mimi mchukuzi tu."

"Na ikitokea familia nyingine ikamdai?"

"Ndiyo maana nimeanzia kwako."

Wakapatana nusu siku hiyo, nusu siku ya kuonyeshwa. Abdulnasir akaomba na picha ya mnato, akaitia kwenye fremu ya dhahabu, akaitundika sebuleni mahali palipokuwa na kalenda ya saruji.

Kutoka hapo Ishaka alivuka barabara. Ng'ambo ya duka kulikuwa na ukumbi wa harusi wa Bi Arafa, mwanamke ambaye kwa miaka mingi alishindana na Abdulnasir kwa kila kitu kinachoonekana kutoka barabarani. Abdulnasir akiweka vigae, yeye anaweka marumaru. Yeye hakuhitaji kusukumwa.

"Macho yangu hayo!" alisema mara alipoonyeshwa simu, kabla Ishaka hajafungua kinywa. "Marehemu mama aliniambia tulikuwa na mtu mkubwa. Alikuwa Liwali, sio?"

"Inawezekana, mama."

"Nataka awe Liwali."

"Liwali ni bei nyingine, mama yangu."

Akalipa bei ya Liwali. Mjini habari za siri hazikai, na wiki ile familia moja ya misheni ilimtumia Ishaka ujumbe kuuliza kama bwana huyo anapatikana bila kofia. Ishaka akawaambia atawaangalizia.

Sasa kila mmoja akawa anaidai siku ya kuonyeshwa, na kila mmoja alishikilia nusu ya pesa. Mjanja mwenye kiasi angeridhika na nusu na kupotea. Ishaka hakuwa na kiasi, na Noah haiuzwi nusu. Akapanga onyesho moja, Jumamosi baada ya alasiri, mapazia ya ukumbi yakiwa yamefungwa. Abdulnasir aliambiwa kwamba Bi Arafa, kwa heshima ya babu yake Abdulnasir, ametoa ukumbi bure. Bi Arafa aliambiwa kwamba Abdulnasir, kwa heshima ya babu yake Bi Arafa, ametoa pilau la watu mia. Kila mmoja akashangaa jinsi jirani alivyolainika, na kila mmoja akaonywa asitamke neno ukumbini juu ya ukoo mpaka filamu iishe, kwani wenye nyaraka ng'ambo hawapendi kelele.

Ishaka aliisanifu hotuba yake chumbani usiku na mchana, akitembea huku na huku na kuisema kwa sauti. Hakujali kwamba chumba chake na cha Bi Swaumu vilitenganishwa kwa mbao nyembamba. Kwake yeye Bi Swaumu alikuwa kikongwe tu mwenye kanga mbili na kikohozi, mzaliwa wa Saadani, anayekwenda popote panaponukia pilau.

Jumamosi ikafika. Mzee Alawi aliwasili na ndugu zake kutoka Unguja, wote kanzu nyeupe, wakakalishwa mbele. Mtaa mzima ukaja, Bi Swaumu akiwa nyuma karibu na masufuria. Mlangoni Ishaka alipokea bahasha ya Abdulnasir, kisha ya Bi Arafa, akazitia zote mbili kwenye mkoba wa ngozi alioutundika kifuani, humohumo zilimokuwa pesa za mwanzo. Nje bodaboda ilikuwa ikimsubiri. Mpango ulikuwa mwepesi: atoe hotuba, abonyeze filamu, taa zizimwe, na watu wakiwa wamekodoa macho yeye awe njiani kwenda Dar. Kile kipande chake kilikuwa kifupi mno kumfunika mgongo, kwa hiyo aliifungua filamu nzima kwenye ile tovuti, kwa intaneti ya ukumbi. Iendelee itakavyo, yeye hatakuwepo.

"Waheshimiwa," alianza, mkono kifuani juu ya mkoba, "leo tunamkumbuka mtu. Sitamtaja ni wa nani, mwenye damu anajijua. Nasema mbele ya Mungu na mbele yenu: kila shilingi iliyotolewa kwa ajili ya mzee huyu si yangu. Ni amana yake marehemu na warithi wake. Mimi mchukuzi tu!"

Watu wakapiga makofi. Mwenyewe ilimpendeza sana hotuba ile. Akabonyeza, taa zikazimwa, akaanza kunyata kuelekea mlangoni, na hapo mkono laini ukaushika wa kwake.

"Kijana mwema," alisema Mzee Alawi, "kaa hapa nami. Hicho Kiingereza cha zamani masikio yangu hayakipati. Utanifasiria."

Anayewajua wazee wa Unguja anajua kwamba mkono ukishashikwa kwa adabu namna ile hautoki mpaka mazungumzo yaishe. Kuuchomoa ni utovu wa heshima, na ukumbi mzima ungegeuka. Ishaka akakaa.

Kwenye pazia la sinema minazi ikatokea, mchanga, kuku wawili. Bwana wa tarbushi akatembea kwa madaha. Abdulnasir akajipangusa macho. Bi Arafa, upande wa pili, akajipangusa zaidi. Sauti ya Mzungu ikasema jambo refu.

"Anasema nini?" aliuliza Mzee Alawi.

"Anasema huyu ni mtukufu wa pwani, baba. Kila mtu alikuwa akimwiga."

Bwana wa tarbushi akaelekeza bakora baharini. Kisha, na hapa Ishaka akawa anaona mapya sawa na kila mtu ukumbini, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaegemeza bakora kwenye mnazi, akakusanya kanzu yake mpaka kiunoni na kuchuchumaa.

"Na sasa anasema nini?" aliuliza Mzee Alawi, kwa sauti ya mtu ambaye hahitaji tena kufasiriwa.

"Anasema... mzee anapumzika."

Mzee alipumzika kwa kirefu. Mpiga filamu hakuwa na haraka. Kisha nzi wakaonyeshwa wakitoka pale chini ya mnazi, wakaenda moja kwa moja kwenye sahani ya wali ya watoto, watoto wakashika matumbo, mama akalia. Uso wa bwana wa tarbushi ukajaa pazia zima, akitabasamu, na juu yake ikachorwa alama kubwa nyeusi ya X ya kumkataa. Baada yake akaja mtu peku, fulana imetoboka, akichimba choo kwa bidii huku muziki wa furaha ukipigwa, na filamu ikaisha. Taa zikawashwa, ingawa hakuna aliyezitaka.

Mzee Alawi alimgeukia Abdulnasir. "Samahani, bwana. Huyu ndiye mzee wenu mliyenieleza?"

"Wetu?" Abdulnasir aliruka wima. "Astaghfirullahi! Sisi na huyu wapi na wapi? Huyu ni wa Bi Arafa. Ndiye mwenye ukumbi!"

"Wangu mimi?" Bi Arafa akaja mbele, bangili za dhahabu zikigongana. "Si ndiye niliyesikia umemtundika sebuleni? Pilau la nani hili, la babu yangu?"

"Mimi nimeambiwa unamtolea ukumbi babu yangu!"

"Babu yako! Jamani mmesikia? Kasema mwenyewe, babu yake!"

"Sikusema babu yangu! Nimesema nimeambiwa!"

Wakasimama uso kwa uso, kisha polepole, kama watu waliokumbuka jambo kwa pamoja, wakamgeukia Ishaka. Vijana wawili wa dukani wakaenda kusimama mlangoni. Bodaboda nje ikapiga honi.

Kwa mara ya kwanza siku ile Ishaka alifikiri kwa nguvu. Pesa zote zilikuwa kifuani, Noah ilikuwa Dar, na njia ilikuwa moja tu: apatikane mwenye babu, hawa wawili watulie, yeye apenye. Akatazama huku na huku, akamwona Bi Swaumu akitafuna kwa utulivu. Akamwendea, akainama kama anayempa pole.

"Bi Swaumu, niokoe mwanao. Sema ni babu yako."

"Yule wa chini ya mnazi?"

"Huyohuyo. Wewe huna ukwe wa kuharibika. Nitakupa chochote."

"Chochote," Bi Swaumu alirudia, akameza, akajifunika kanga kichwani. Kisha akapiga ukelele uliowanyanyua watu vitini. "Babu yanguuu! Babu yangu jamani, leo nimekuona!"

Ukumbi ukashusha pumzi. Abdulnasir akawa wa kwanza kumshika bega. "Pole, mama. Pole sana. Kumbe ni wako! Hata sura mmefanana." Bi Arafa akaapa kwamba tangu mwanzo aliyaona yale macho kuwa ni ya Bi Swaumu. Mzee Alawi akasema alhamdulillahi, na bila kuficha akamtazama Abdulnasir kwa nafuu. Ishaka akaanza kurudi kinyumenyume.

"Lakini, waungwana," alisema Bi Swaumu, na kikohozi chote kilikuwa kimemwisha, "babu yangu alizikwa sipo. Leo nimemwona, na leo nitamtimizia ada. Akizikwa mtu hapa kwetu hutangazwaje? Husemwa: anayemdai marehemu ajitokeze kwa warithi. Na mwenye mali ya marehemu naye aitoe. Nakosea?"

"Hukosei, mama," alisema Mzee Alawi. "Hiyo ndiyo ada."

"Basi natangaza. Nani anamdai babu yangu?"

Abdulnasir alikuwa akimdai babu yule pesa za kujengea banda. Bi Arafa alikuwa akimdai bei ya Liwali. Wakatazamana, kisha wakatazama dari. Kumdai ni kukiri ulimlipia, na kukiri ulimlipia ni kumbeba mzee mzima, na kanzu yake na mnazi wake, mbele ya wakwe wa Unguja. Hakuna pesa inayolipa aibu hiyo.

"Hakuna," Bi Swaumu alisema. "Na mwenye mali yake?" Akamgeukia Ishaka. "Mwanangu, umesema hapa mbele ya Mungu na watu. Kila shilingi ni amana ya marehemu na warithi wake. Mrithi mimi hapa. Lete."

"Bi Swaumu, tulikuwa tumepatana..."

"Tulipatana nini? Waeleze."

Ishaka akajaribu mlango wa pili. "Jamani, pesa hizi ni za Mzee Abdulnasir! Na za Bi Arafa! Waulizeni wenyewe!"

"Pesa zangu?" Abdulnasir alifoka, mishipa imemsimama. "Mimi nimpe pesa babu wa watu, kwa sababu gani? Mpe mama amana yake, mwizi wewe!"

"Mimi nimetoa ukumbi tu, kwa ajili ya Mungu," alisema Bi Arafa. "Mpe mama haki yake!"

Ndivyo walivyo hao: wangemng'oa mtu meno kwa shilingi mia, na sasa walikuwa wakipigania kwa sauti ya juu wasirudishiwe chao. Vijana wa dukani wakamvua Ishaka mkoba kwa upole wa kutosha na kumkabidhi Bi Swaumu, aliyeupokea akilia. Kisha Abdulnasir, asije mtu yeyote akabaki na shaka, akatoa noti mfukoni na kuzinyanyua zionekane mpaka safu ya nyuma. "Ubani wangu, mama. Kama jirani. Jirani tu." Bi Arafa akatoa zaidi yake, kama jirani wa karibu. Mtaa mzima ukafuata. Zamu ilipomfikia Ishaka watu wote wakawa wanamtazama, naye hakuwa na kitu ila nauli ya bodaboda. Akaitoa.

"Mola akulipe, mwanangu," alisema Bi Swaumu, akaipokea kwa mikono miwili. "Na huyo anayepiga honi hapo nje mwambieni aende, tuko kwenye khitma."

Pilau lilikwishapikwa, kwa hiyo hapakuwa na la kuchelewesha. Wanaume wakakaa chini, Ishaka akabanwa katikati ya vijana wa dukani. Mzee Alawi akainua mikono.

"Tumsomee fatiha. Marehemu jina lake nani?"

Swali likazunguka ukumbi mzima bila kupata pa kutua. Mzee yule alikuwa ameuzwa mara mbili, amepewa uliwali, ametiwa kwenye fremu ya dhahabu, amelipiwa, amekanwa na kuliliwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza anaitwa nani. Abdulnasir akajikuna. Bi Arafa akarekebisha mtandio. Bi Swaumu, mkoba umemlalia mapajani, akamtazama mpangaji wake.

"Ishaka," alisema.

"Mola amrehemu Ishaka," Mzee Alawi alianza, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Amsamehe alivyowaudhi watu. Amfunikie aibu zake. Amlipe kwa kila alichokiacha duniani."

"Amin," ukumbi ukaitikia.

Kijana mmoja alimgonga Ishaka kwa kiwiko, maana midomo yake haikuwa ikisogea.

"Amin," alisema Ishaka.